Paul Ehrlich, daktari aliyetambua vipokezi vya chembe za mwili

Paul Ehrlich, mwanasayansi Mjerumani aliyefariki tarehe 20 mwezi wa nane 1915, anajulikana zaidi kwa dawa ya kaswende. Lakini kazi yake nyingine inasaidia hadi leo kueleza namna mwili unavyojilinda, na kwa nini wakati mwingine unajiumiza wenyewe.

Alizaliwa mwaka wa 1854 huko Strehlen, mji ambao leo uko Poland. Akiwa bado mwanafunzi wa udaktari, alitia rangi za viwandani kwenye vipande vya mwili ili avione vizuri kwa darubini. Ndipo alipogundua chembe zilizojaa punje ndogo, akadhani zimenona kwa chakula.

Aliugua kifua kikuu, akaenda Misri kutafuta nafuu. Aliporudi Berlin, dondakoo lilikuwa likiua watoto wengi. Seramu ya Emil von Behring iliweza kuwaponya, ila nguvu yake haikuwa sawa katika kila chupa. Ehrlich akaweka kipimo cha kuaminika.

Mwaka wa 1897 alieleza kwamba chembe zina vipokezi ambavyo sumu hunasa kama ufunguo katika kufuli. Chembe huzidisha vipokezi hivyo, na vinavyobaki huachiliwa katika damu: ndivyo kingamwili. Wengi walimpinga, akiwemo Mbelgiji Jules Bordet. Mwaka wa 1908 Ehrlich alipata Tuzo ya Nobel pamoja na Élie Metchnikoff.

Alisema pia kwamba mwili una njia ya kujizuia usijishambulie. Kwa miaka mingi, wengine walichukua maneno hayo kuwa na maana kwamba magonjwa ya mwili kujishambulia hayawezekani.

Baada ya kifo chake, watafiti waligundua kwamba chembe za kinga zina vipokezi vya kushika kingamwili zenyewe. Vingine huamuru chembe ishambulie, vingine huituliza. Zile chembe zenye punje hubeba vya kushambulia: karanga ikinasa kwenye kingamwili za mtu mwenye mzio, punje humwaga kemikali kwa dakika chache na anaweza kukosa pumzi. Chembe B, zinazotengeneza kingamwili, zina kipokezi cha breki kinachozituliza kingamwili zikizidi. Breki hiyo ikilegea, hatari ya magonjwa kama lupasi huongezeka.

Leo watafiti wanatafuta dawa za kuamsha au kutuliza vipokezi hivyo.