Gor wa Kanyamwa: Mtu Aliyeiachia Klabu Jina Lake

Na Mwandishi Wetu, Langas, Eldoret

Siku ambayo redio inatangaza mchezo wa Gor Mahia, jina hilo husikika Langas kutoka kila kibanda: kwa kinyozi, kwa fundi wa baiskeli, kwa mama muuza mboga. Mtaa huu ulio kando ya barabara iendayo Kisumu ni wa watu mchanganyiko. Wamo Waluo na Waluhya, Wakalenjin na Wakikuyu, Wakisii na hata sisi wachache tuliopanda kutoka pwani. Wote hulitaja jina la mtu mmoja, na wengi wao hawajui kama ni jina la mtu. Vijana hudhani ni jina la klabu tu, mfano wa Simba au Yanga, lililobuniwa na kamati katika ofisi moja ya Nairobi.

La hasha. Gor alikuwa binadamu, mwana wa Ogada na mjukuu wa Ogalo, wa jamaa ya Kanyamwa katika nchi ya Waluo wa kusini. Ndiyo maana mashabiki huiita klabu K'Ogalo, yaani kwa Ogalo, nyumbani kwa babu yake. Aliyempa mtoto huyo jina hakujua kwamba siku moja litaimbwa na maelfu ya watu waliomzunguka mtu anayepiga mpira.

NCHI ALIYOTOKA

Kanyamwa ni sehemu ya Ndhiwa, katika Kaunti ya Homa Bay ya leo, na jina hilo lingali hai katika kata za Kanyamwa Kologi na Kanyamwa Kosewe. Mababu wa Waluo hao walivuka Ghuba ya Winam wakitoka upande wa kaskazini, wakatafuta malisho na ardhi ya mtama. Walikuta watu wengine wamewatangulia, na wengine wakaja nyuma yao. Majirani zao walikuwa Wakabuoch, Wakadem na Wasuba, na kwenye vilima vya mashariki walikuwako Wakisii. Ng'ombe waliibiwa, ng'ombe walirudishwa, na damu ikamwagika katikati.

Karibu na hapo lipo bonde la Lambwe, bonde la mbung'o na malale, ambako mnyama alistawi kwa kuwa mtu alipaogopa. Mwaka 1966 bonde hilo lilifanywa hifadhi ya wanyama, na baadaye likaitwa Mbuga ya Ruma. Jina hilo nalo, kwa mujibu wa masimulizi ya mahali pale, ni la mganga aliyetisha watu. Basi Gor hakuwa peke yake. Alitoka katika nchi ambayo wenye siri waliheshimiwa kiasi cha kuachiwa majina ya mahali.

Katika nchi ya namna hiyo, mkubwa wa watu alitakiwa kuwa na mambo mawili. Kwanza awe ruoth, maana yake mtawala: mwenye kuamua kesi, kugawa ardhi na kulisha wageni. Pili, ama yeye mwenyewe au mtu wa karibu yake awe jabilo, mjuzi wa dawa za vita, mwenye kuwaambia vijana watoke siku gani na wapite njia ipi. Aghalabu kazi hizo ziligawanywa kwa watu wawili. Wazee husimulia kwamba kwa Gor zilikutana katika mtu mmoja, na hapo ndipo ukubwa wake ulipoanzia.

MAANA YA MAHIA

Mahia si jina la baba yake wala la ukoo. Ni neno la Kiluo lenye maana ya maajabu, mambo yanayoishinda akili. Alivikwa neno hilo na watu, kama mtu anavyovishwa kilemba.

Yasimuliwa kwamba aliweza kujigeuza. Mgeni aliyemwendea kwa nia mbaya alimkuta mlangoni kikongwe anayetetemeka, akapita bila kujua kwamba amempita anayemtafuta. Mwingine alimwona mtoto mdogo. Maadui waliomfukuza walikuta jiwe, au kichuguu, au mnyama, wakarejea kwao mikono mitupu. Husemwa pia kwamba alitoweka mbele ya macho ya watu, na kwamba aliona mbali, hata akatabiri kuja kwa watu weupe kabla ya mguu wao kukanyaga nchi.

Sisi tuliosoma chuoni tulifundishwa kutenga mambo matatu. Muujiza ni wa Mtume, karama ni ya walii, na sihiri ni ya mchawi, nayo ni haramu. Kwa mizani hiyo, wapi pa kumweka Gor? Hukumu ni ya Mwenyezi Mungu, naye ndiye ajuaye yaliyomo vifuani. Lakini jambo moja lapaswa kutazamwa. Katika hadithi hizi, uganga wa Gor kwa sehemu kubwa ni uganga wa kujikinga. Habari zinazorudiwa zaidi ni za mtu anayefichwa asiuawe, na za watu wake wanaopona. Kanyamwa walikuwa wamezungukwa, na aliyezungukwa huomba kwanza kutoonekana.

Kila taifa lina mtu wa aina hii. Pwani tunaye Fumo Liyongo, ambaye silaha haikumdhuru mpaka mwanawe mwenyewe alipomchoma sindano ya shaba kitovuni. Waluo wa Kano wanaye Lwanda Magere, aliyekuwa jiwe mbele ya mikuki ya Wanandi, hadi mke wa Kinandi alipoijua siri kwamba nguvu zake zimo katika kivuli chake. Wote wawili waliangushwa na mtu wa nyumbani. Gor anatofautiana nao. Siri yake haikutolewa na mke wala mtoto, na hakuna mkuki unaotajwa kuwa ulimuua. Alizeeka.

MBELE YA BUNDUKI

Jaribio kubwa la maisha yake halikutoka kwa jirani. Katika miaka ya 1890 tauni ya ng'ombe ilikuwa imeikumba Afrika Mashariki ikaacha mazizi matupu. Mwanzoni mwa karne ya 20 malale ikashuka pande za ziwa, ikahamisha vijiji. Reli iliyotoka Mombasa ilifika Kisumu mwishoni mwa 1901, na mwaka 1902 nchi ya mashariki ya ziwa ikatolewa Uganda ikatiwa katika himaya iliyokuja kuitwa Kenya. Waingereza wakafungua kituo Karungu, kwenye ufuko wa ziwa, na mwaka 1907 wakahamia Kisii. Pamoja nao ilikuja kodi ya nyumba.

Wakuu wa wakati ule walikuwa na njia chache. Wakaazi wa Uasin Gishu wanaijua moja. Koitalel arap Samoei, Orkoiyot wa Wanandi, aliongoza upinzani wa miaka kadhaa, na tarehe 19 Oktoba 1905 aliitwa kwenye mazungumzo akapigwa risasi na Kapteni Richard Meinertzhagen. Wakisii, majirani wa Gor, walipelekewa majeshi mwaka 1905 na tena 1908, baada ya ofisa wa Kiingereza, Geoffrey Northcote, kuchomwa mkuki. Vijiji viliteketezwa na mifugo ikachukuliwa.

Gor alikuwa mzee alipoyaona hayo. Watu wake hawakupigwa vita kama vile, na yeye hakufa kwa risasi. Masimulizi yanaeleza jambo hilo kwa njia yao: wakubwa wa serikali walipokuja kumtafuta hawakupata mtu mmoja. Huyu alimkuta ajuza, yule kijana, na aliyetaka kumkamata hakujua amkamate nani. Mwenye kutaka ushahidi wa karatasi hatatosheka na maelezo hayo. Lakini mwenye kujua namna wanyonge wanavyoishi chini ya mwenye nguvu atayaelewa vyema. Kumpa mtawala sura anayotaka kuiona, ukaiweka yako mahali salama, ni elimu ambayo nchi nzima ilijifunza katika miaka ile.

Mwaka unaotajwa zaidi wa kufariki kwake ni 1920, na masimulizi humpa umri mrefu kupita wa kawaida. Mwaka huohuo nchi iliacha kuitwa himaya ikawa Koloni la Kenya. Ikiwa ndivyo, yule mtu wa maajabu aliondoka wakati dunia yake ilipofungwa kwa jina jipya.

JINA LARUDI UWANJANI

Kwa karibu miaka 50 jina la Gor likaishi vinywani mwa wazee na katika nyimbo za vilabu vya pombe na matanga. Wakati huo wamisheni, shule na reli walikuwa wameueneza mpira. Ligi ya taifa ilianza mwaka 1963, na bingwa wa kwanza akawa Nakuru All Stars. Luo Union wakafuata mwaka 1964, kisha Feisal ya Mombasa mwaka 1965, jambo ambalo wapwani hatujalisahau. Waluo wa Nairobi walikuwa na timu mbili, Luo Union na Luo Stars, zikigawana wachezaji na mashabiki. Tarehe 17 Februari 1968 zikaunganishwa. Mwanasiasa Tom Mboya alikuwa miongoni mwa waliosimamia muungano huo, naye hakuishi kuufaidi, kwani aliuawa Julai 1969.

Kuchagua jina la moja ya timu zile mbili kungekuwa kuiudhi nyingine. Likachukuliwa jina la mtu asiyekuwa wa upande wowote kwa kuwa alikwisha kufa, ambaye kila mtoto wa Kiluo alisimuliwa habari zake jikoni kwa bibi. Mwaka huohuo Gor Mahia wakawa mabingwa wa Kenya.

Si Waluo tu wanaofanya hivyo. Katika mji wa Paisley huko Scotland iko klabu ndogo ya kulipwa, iliyoanzishwa mwaka 1877, iitwayo St Mirren. Jina lake latokana na Mirin, mtawa wa karne ya 6 kutoka Ireland, ambaye wenyeji walimhesabu kuwa mtakatifu mwenye kutenda maajabu. Watu wa Paisley waliipa timu yao jina la mtu wao wa siri, kama walivyofanya wafanyakazi wa Nairobi miaka 91 baadaye. Mwaka 1987 St Mirren walitwaa Kombe la Scotland kwa kuifunga Dundee United bao 1-0. Mwishoni mwa mwaka huohuo Gor Mahia, chini ya nahodha Austin Oduor, walitoka sare 2-2 na Esperance mjini Tunis na 1-1 mjini Nairobi, wakachukua Kombe la Washindi la Afrika kwa mabao ya ugenini. Ikawa klabu ya kwanza ya Kenya kutwaa kombe la bara. Kombe hilo siku zile liliitwa kwa jina la Mandela, naye alikuwa angali gerezani.

JINA LILILOPONA

Jambo lililo kubwa kuliko kombe lilikuwa limetokea miaka saba kabla yake. Mwaka 1980 serikali iliamuru vyama na vilabu viache majina ya makabila. Abaluhya wakawa AFC Leopards. Luo Union, iliyokuwa imefufuka na kutwaa ubingwa wa vilabu vya Afrika Mashariki na Kati mwaka 1976 na 1977, ikawa Reunion. Jina la Gor Mahia likadumu. Jina halikuwa la kabila, lilikuwa la mtu. Mzee aliyejificha kwa maadui kwa kugeuka jiwe alipita tena mlangoni mwa serikali bila kutambuliwa.

Je, yafaa klabu ya taifa kubeba jina la mganga wa jamaa moja? Wako wanaoona kwamba ni kuendeleza ukabila kwa mlango wa nyuma. Wako pia waliolichukulia jina hilo kuwa ruhusa ya kuleta hirizi na mayai langoni, na hilo ni aibu, maana hakuna hirizi iliyoizuia klabu kukaa miaka 18 bila ubingwa wa ligi, tangu 1995 hadi 2013. Ubingwa uliporudi uliletwa na mazoezi.

Hoja ya ukabila ni nzito zaidi, na hapa Langas haisemwi kwa mzaha. Mtaa huu ulionja uchungu wa ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007, jina la mtu lilipotosha kumfukuzisha au kumuua. Lakini tiba ya jambo hilo si kuyafuta majina ya wazee. Koitalel anasomwa na mtoto wa Kiluo shuleni, Liyongo anasomwa na mtoto wa Kinandi, na hakuna aliyepungukiwa. Kijana wa Kikalenjin anayevaa fulana ya kijani na kushangilia K'Ogalo ameingia nyumba ya Ogalo akiwa mgeni, na katika desturi ya wazee wale mgeni alilishwa kwanza ndipo akaulizwa kwao.

Basi, msomaji, ukimwona kijana huyo amevaa fulana yake, mwulize kama amjua mwana wa Ogada. Asipomjua, usimcheke. Mketishe umhadithie habari za Kanyamwa, za kikongwe wa mlangoni na za jiwe lililopitwa na maadui, naye apate kujua ni nani anayemwita kwa sauti kubwa namna ile.