Likizo Kanyaruchinya: Haroun Tazieff na vitabu vyake juu ya mlima wa Nyiragongo

Wanafunzi wa Kanyaruchinya, kaskazini mwa mji wa Goma, wanaotafuta kitabu cha likizo juu ya mambo yajayo hawana haja ya kutazama mbali. Mlima ulio juu ya nyumba zao una vitabu vyake, na mwandishi wake ni Haroun Tazieff, mtaalamu wa volkano aliyeaga dunia mjini Paris tarehe 2 Februari 1998.

Tazieff alizaliwa Warsaw tarehe 11 Mei 1914. Babake, aliyekuwa daktari, aliuawa katika Vita Kuu ya Kwanza, na mamake akahamia naye Ubelgiji. Huko alisomea kilimo Gembloux, kisha jiolojia Liège, wakati Wajerumani walikuwa wameikalia nchi. Vita vilipoisha alikuja Kongo, akafanya kazi Katanga kabla ya kuhamia Kivu.

Mwaka 1948 alitumwa kuangalia Kituro, volkano changa iliyofunguka ubavuni mwa Nyamulagira. Hakuwa amesomea volkano, lakini kazi hiyo ndiyo iliyobadili maisha yake. Mwaka huohuo alipanda Nyiragongo na kuona ziwa la lava likichemka ndani ya shimo. Mambo ya Kituro ameyasimulia katika kitabu Cratères en feu cha mwaka 1951.

Wakuu wa hifadhi, enzi ya ukoloni, walimzuia kuendelea na uchunguzi wa Nyiragongo. Hapo ndipo lilipotoka jina la kitabu chake cha mwaka 1975, Nyiragongo ou le volcan interdit, yaani volkano iliyokatazwa. Filamu yake yenye jina kama hilo, ya mwaka 1966, ilishindania tuzo ya Oscar huko Marekani.

Mwaka 1976 volkano ya Soufrière, kisiwani Guadeloupe, ilianza kutoa mvuke na majivu. Watu zaidi ya 70,000 walihamishwa. Tazieff alisema kwamba hakuna hatari ya kuwaondoa watu wote hao, akagombana vikali na wakubwa wake na kupoteza cheo. Mlipuko mkubwa uliohofiwa haukutokea, lakini familia zilikuwa zimekaa miezi mingi mbali na makwao.

Miezi michache baadaye, tarehe 10 Januari 1977, Nyiragongo ilipasuka ubavuni. Ziwa la lava ambalo Tazieff alilifahamu kwa karibu miaka 30 likamwagika kwa muda usiofika saa moja, na watu wengi wakafa vijijini. Alichunguza mlipuko huo na kuandika makala ya kisayansi juu yake.

Kuanzia mwaka 1984 hadi 1986 alikuwa katika serikali ya Ufaransa, akishughulikia namna ya kujikinga na majanga. Mtu aliyekuwa ametumia maisha yake kuchungulia mashimo ya moto sasa alikuwa na kazi ya kuuliza ni wapi watu wasijenge, na wajiandae namna gani kabla ya siku ya hatari.

Maswali hayo ni ya Kanyaruchinya pia. Tarehe 17 Januari 2002 lava ilishuka hadi katikati ya Goma. Tarehe 22 Mei 2021 ilishuka tena bila wakaaji kupewa tahadhari, ikakata barabara ya Goma kwenda Rutshuru. Siku tano baadaye serikali iliamuru mitaa 10 kati ya 18 ya Goma ihamwe, kwa hofu ya mlipuko wa pili. Watu mia kadhaa elfu wakaenda Sake, Rutshuru, Bukavu na Rwanda. Mlipuko huo wa pili haukuja.

Kwa hiyo ndani ya wiki moja wakaaji waliona hasara za aina mbili: ya kutoambiwa, na ya kuhamishwa kwa jambo ambalo halikutokea. Maisha ya Tazieff yanaonyesha kwamba hata wataalamu hawakubaliani juu ya mlima, na kwamba kufikiri juu ya kesho si kutabiri tarehe. Ni kujua mapema lava ya zamani ilipita wapi, familia itashika njia gani barabara ikikatika, nani atambeba mzee asiyeweza kutembea, na makaratasi ya nyumba yako wapi.

Mzigo huo ni mzito zaidi mahali kama Kanyaruchinya, palipopokea maelfu ya waliokimbia vita tangu mwaka 2022. 

Vitabu hivyo viwili ni vya Kifaransa, lugha ya shule. Mwanafunzi anayevisoma likizo hii anaweza kuwaelezea wazazi na majirani kwa Kiswahili, kisha nyumba nzima ikakubaliana njia ya kupita Nyiragongo ikiamka tena.