FANNY CROSBY: KIPOFU ALIYEJUA KUSHUKURU

Kuna wimbo mmoja ambao hukosi kuusikia makanisani mwetu hapa Kenya, liwe kanisa kubwa la mjini au lile la mabati kule sokoni. Wimbo huo ni Usinipite. Ukiuliza nani aliutunga, wengi watakukodolea macho tu. Basi mtunzi wake alikuwa mama wa Marekani, tena kipofu, jina lake Fanny Crosby. Nimeonelea niwasimulie maisha yake kwa sababu wengi wetu tumejaa wasiwasi: wasiwasi wa karo, wa mitihani, na wa mambo ya nyumbani ambayo hatuambiani.

Fanny alizaliwa tarehe 24 Machi, 1820, mashambani katika jimbo la New York. Alipokuwa na umri wa wiki sita hivi, macho yake yalivimba. Daktari wao hakuwepo, kwa hivyo akaitwa mtu mwingine aliyejidai kuwa tabibu. Mtu huyo akamkandika mtoto dawa moto ya haradali machoni. Jamaa zake waliamini hadi mwisho kwamba dawa hiyo ndiyo iliyompofusha. Kama hiyo haitoshi, kabla Fanny hajatimiza mwaka mmoja, baba yake akafariki. Mama yake ikabidi aende kufanya kazi za nyumbani kwa watu. Hujafa hujaumbika, ndivyo walivyonena wahenga.

Aliyemlea sana ni nyanya yake, Eunice. Nyanya huyo hakumfungia mtoto ndani eti kwa kuwa ni kipofu. La hasha! Alimtembeza nje, akamweleza rangi za maua na za jua linapotua, na kumfundisha kutambua ndege kwa sauti zao. Alipokuwa na miaka mitano hivi, majirani walichanga pesa apelekwe New York kwa daktari bingwa wa macho. Daktari akasema hakuna la kufanya. Hebu fikiria safari ya kurudi nyumbani siku hiyo!

Lakini Fanny hakukaa akilia. Alianza kukariri Biblia, sura kadhaa kila wiki. Kabla ya kutimiza miaka kumi na mitano alikuwa ameziweka moyoni Injili zote nne, vitabu vitano vya Musa, Mithali na Zaburi nyingi. Alipokuwa na miaka minane tu alitunga shairi fupi kusema kwamba ameridhika na hali yake, na kwamba kulia kwa sababu ya upofu hakutamfaa. Sisi wa kidato cha tatu tunalalamika kukariri kurasa mbili za Biolojia!

Mwaka 1835 alijiunga na shule ya vipofu mjini New York, na baadaye akawa mwalimu papo hapo hadi mwaka 1858. Katika miaka ya 1840 alienda na wenzake hadi Washington, akakariri mashairi mbele ya wabunge wa Marekani ili wakubali kusaidia elimu ya vipofu. Hapa ndipo ninapotaka tusimame kidogo. Kuna watu hudhani kwamba mtu wa kushukuru ni mtu wa kukunja mikono na kusema ni mapenzi ya Mungu. Fanny alimshukuru Mungu, halafu akaenda bungeni kudai shule. Vilevile, kipindupindu kilipoingia New York mwaka 1849, yeye alibaki shuleni kuwauguza wagonjwa.

Mwaka 1858 aliolewa na Alexander van Alstyne, mwanamuziki ambaye pia alikuwa kipofu. Walijaliwa mtoto mmoja, lakini akafa akiwa mchanga. Jambo hilo Fanny hakulizungumza sana maishani mwake. Mimi naona hapo pana funzo. Kushukuru si kujifanya huna uchungu.

Kuanzia mwaka 1864 alishika kazi ya kutunga nyimbo za dini. Alitunga zaidi ya 8,000! Alizitunga kichwani, kisha mtu akamwandikia. Malipo yalikuwa dola moja au mbili kwa wimbo, na nyingi ya pesa hizo aliwagawia maskini. Yeye mwenyewe aliishi katika mitaa ya watu wa hali ya chini, akiwatembelea walevi na wasio na makao. Kuhusu upofu wake, alisema hana kinyongo na yule mtu wa dawa. Aliongeza kwamba lau angepewa kuchagua, angechagua kuzaliwa kipofu, maana uso wa kwanza atakaouona utakuwa wa Mwokozi wake. Alifariki tarehe 12 Februari, 1915, akiwa na umri wa miaka 94.

Sasa utaniuliza, haya yanatuhusu nini sisi? Mwaka jana baba yangu aliachishwa kazi. Usiku nilikuwa nikihesabu karo kichwani mpaka jogoo anawika, na hesabu haikuongezeka hata shilingi. Lakini mama alikuwa akishukuru kwa unga uliopo, kisha alfajiri anabeba mboga kwenda sokoni. Wakati huo sikumwelewa. Niliposoma habari za Fanny ndipo nikaona kwamba wanawake hawa wawili wanafanana. Wasiwasi hutazama kilichokosekana tu, na hukuchosha kabla hujaanza kazi. Shukrani hutazama kilichobaki, na kilichobaki ndicho unachoweza kufanyia kazi. Fanny alikosa macho, akabakiwa na masikio, kumbukumbu na nyanya. Akavitumia vyote.

Kwa hivyo, mwanafunzi mwenzangu, ukirudishwa nyumbani kwa ajili ya karo, usione haya kumwambia rafiki akuwekee maandishi ya darasani. Kama wewe ndiye uliyebaki darasani, mshukuru Mungu kwa kumwandikia mwenzako. Nanyi walimu wetu mnaotufundisha jioni bila malipo, sisi hatusemi mara nyingi, lakini leo nasema: ahsanteni sana.