Codman, daktari aliyetangaza makosa yake mwenyewe

Ni daktari gani anayetangaza makosa yake? Ernest Codman wa Boston, Marekani, alithubutu. Kati ya wagonjwa 337 waliopita hospitalini kwake kuanzia 1911 hadi 1916, alihesabu makosa 123 na kuyachapa kitabuni.

Codman, aliyezaliwa 1869, alitaka kila mgonjwa afuatiliwe baada ya kutoka hospitali, ijulikane kama kapona kweli. Mwaka 1915 alionyesha kibonzo cha kuwakejeli vigogo wa udaktari mjini humo. Wakamtenga.

Hakukata tamaa. Mwaka 1920 alianzisha daftari la saratani ya mifupa. Ugonjwa huo ni nadra, hivyo daktari mmoja aliona wagonjwa wachache tu, na kuutambua ilikuwa shida. Codman akakusanya eksirei, vipande vya uvimbe na historia za wagonjwa kutoka kwa madaktari mbalimbali, ili ijulikane nani kapona na kwa tiba gani.

Alifariki 1940, kaburi lake likakaa bila jiwe mpaka 2014. Ila kwenye eksirei, ile pembetatu inayotokea uvimbe ukinyanyua utando wa mfupa, mpaka leo inaitwa pembetatu ya Codman.