Primo Nebiolo: Mwitaliano aliyejua uzito wa kura za Afrika

Amekufa tangu Novemba 7, 1999, lakini kila mara mashirikisho ya riadha yanapokaribia uchaguzi, jina la Primo Nebiolo linarudi midomoni mwa watu. Wapo wanaomwona kama baba wa riadha ya leo, yenye pesa, televisheni na mashindano ya dunia. Wengine wanamkumbuka kama mwanasiasa mjanja aliyegeuza chama cha wakimbiaji kuwa ufalme. Pande zote mbili zina haki kiasi fulani.

Nebiolo alizaliwa Torino, kaskazini mwa Italia, Julai 14, 1923. Katika ujana wake alikuwa mwanariadha wa kuruka mbali, wala hakuwa nyota. Kipaji chake kilikuwa kwenye meza ya mkutano. Baada ya vita vya pili vya dunia aliingia katika uongozi wa michezo ya wanafunzi mjini kwao, na mwaka 1959 Torino ikapokea michezo ya wanafunzi wa vyuo vikuu vya dunia. Miaka miwili baadaye, mwaka 1961, akawa rais wa shirikisho la dunia la michezo ya vyuo vikuu. Kiti hicho hakukiacha mpaka kifo.

Mwaka 1969 akachukua pia uongozi wa shirikisho la riadha la Italia. Macho yake lakini yalikuwa mbali zaidi, kwenye shirikisho la dunia, IAAF, lililokuwa na makao yake London.

Ili kuelewa alichokifanya, lazima kujua nyumba aliyoikuta. Tangu IAAF ianzishwe mwaka 1912, ilikuwa imeongozwa na marais watatu tu, wote kutoka Ulaya. Wa kwanza alikuwa Sigfrid Edström wa Sweden. Wa pili, David Burghley, mtoto wa ukoo wa kitajiri wa Uingereza aliyeshinda medali ya dhahabu ya mita 400 kuruka viunzi Amsterdam mwaka 1928, alikaa kwenye kiti miaka 30, tangu 1946 hadi 1976. Wa tatu, Adriaan Paulen wa Uholanzi, naye alikuwa mkimbiaji wa Olimpiki.

Katika nyumba hiyo kura hazikuwa sawa. Mataifa makubwa ya riadha yalikuwa na kura nyingi, na madogo yalikuwa na chache. Kipchoge Keino alipowashinda wote katika mita 1,500 kule Mexico mwaka 1968, Kenya haikuwa na sauti sawa na Uingereza kwenye mkutano mkuu. Uwanjani Mwafrika alikuwa mbele. Ndani ya ukumbi alikaa nyuma. Pamoja na hayo, sheria ilikataza mwanariadha kulipwa. Mkimbiaji aliyejaza uwanja wa watu alirudi nyumbani na medali na makofi tu, angalau kwa mujibu wa karatasi.

Nebiolo aliona kitu ambacho João Havelange wa Brazil alikuwa amekiona mapema katika soka, alipomwangusha Mwingereza Stanley Rous mwaka 1974 kwa msaada wa kura za Afrika. Nchi ndogo ni nyingi. Mtu anayezitembelea, anayekula nao, anayekumbuka majina ya viongozi wao, siku ya uchaguzi hatalala njaa.

Mwaka 1981, IAAF ilipokutana Roma, Paulen alikuwa na umri wa karibu miaka 79 na bado alitaka kuendelea. Alishawishiwa kujiondoa, na Nebiolo akapata kiti bila mpinzani. Kwa mtu aliyetumia miaka mingi kuandaa njia, ushindi ulikuja kimya kimya.

Baada ya hapo mambo yalikwenda mbio. Mwaka 1982 wanariadha waliruhusiwa kuwekewa pesa zao katika mifuko maalum, na mwaka 1983 mashindano ya kwanza ya dunia yakafanyika Helsinki. Haki isemwe: wazo la mashindano hayo lilikubaliwa kabla yake. Ila aliyeyageuza kuwa biashara kubwa ya televisheni ni yeye. Katika muongo huo huo utaratibu wa kura za uzito tofauti ukaondolewa: kila nchi kura moja.

Ukipita barabara ya taifa namba 2 kutoka Kanyabayonga kuelekea Lubero na Butembo, unapanda mpaka Alimbongo, penye baridi na ukungu, zaidi ya mita 2,000 juu ya bahari. Ni miinuko ya aina ile ambayo huko Kenya na Ethiopia imezaa mabingwa. Tangu mabadiliko hayo, kura ya shirikisho la Kongo, linalopaswa kumbeba kijana wa huko juu, ni sawa kabisa na ya Marekani. Kura hiyo imewafaidi vipi vijana wenyewe ni swali la kuwauliza walioipiga, maana mpaka leo Kongo haijapata medali hata moja ya Olimpiki.

Nebiolo hakutoa usawa huo bure. Nchi zilizopata kura zilimjua aliyezipatia. Katika enzi yake vituo vya kufundisha makocha vilifunguliwa Afrika, Nairobi kwa wanaosema Kiingereza na Dakar kwa wanaosema Kifaransa. Makocha walifaidika kweli. Rais pia alifaidika, kwa sababu ni vigumu kumpinga anayeleta kituo.

Mwaka 1987 ulimpa furaha na aibu kwa wiki moja. Mashindano ya pili ya dunia yalifanyika nyumbani kwake, Roma, mji ule ule ambamo Abebe Bikila wa Ethiopia alikimbia marathon bila viatu mwaka 1960. Afrika Mashariki ilivuna. Billy Konchellah wa Kenya alishinda mita 800, Abdi Bile wa Somalia mita 1,500, Paul Kipkoech mita 10,000, na Douglas Wakiihuri marathon. Said Aouita wa Morocco akaongeza mita 5,000.

Lakini katika kuruka mbali, mchezo wa ujana wa rais mwenyewe, Mwitaliano Giovanni Evangelisti alitangazwa kuwa ameruka mita 8.38, akapewa medali ya shaba. Watu waliokuwa uwanjani waliona jambo lisilolingana na macho yao. Kocha Mwitaliano Sandro Donati hakunyamaza. Uchunguzi ulionyesha kwamba kipimo kilitengenezwa na waamuzi. Evangelisti mwenyewe hakuhusika. Medali ikaenda kwa Larry Myricks wa Marekani mwaka uliofuata. Nebiolo alikana kujua lolote. Hata hivyo moshi ulimfikia, na mwaka 1989 uongozi wa riadha ya Italia ukamtoka mikononi baada ya miaka 20.

Hapa ndipo ufundi wake unaonekana wazi. Mtu aliyepoteza nyumba yake mwenyewe alibaki rais wa dunia nzima. Waitaliano walikuwa na kura moja tu kati ya nyingi, na yeye ndiye aliyeisimamia hesabu hiyo. Mwaka 1992 akaingia pia katika Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki, akiteuliwa moja kwa moja na rais wake Juan Antonio Samaranch. Mwaka 1993 makao ya IAAF yakahamishwa kutoka London kwenda Monaco.

Mwaka huo huo wanariadha nao waliamka. Carl Lewis na wenzake walitishia kutokwenda mashindano ya dunia ya Stuttgart kama washindi hawatalipwa. Pesa zilikuwa zinaingia kwa wingi, na wao ndio waliokuwa wakitoka jasho. Nebiolo hakutaka kufungua mfuko; akatoa gari la Mercedes kwa kila bingwa. Kijana wa Ethiopia wa miaka 20, Haile Gebrselassie, alishinda mita 10,000 mbele ya Moses Tanui wa Kenya, ambaye kiatu chake kilivuka katika mzunguko wa mwisho baada ya kukanyagwa kisigino na Haile. Pesa taslimu zilikuja baadaye, Athens mwaka 1997, na hazikuja kwa huruma ya viongozi peke yake.

Nebiolo alifariki Roma kwa ugonjwa wa moyo, akiwa na miaka 76, bado rais. Nafasi yake ilichukuliwa na makamu wake Lamine Diack wa Senegal, naye mrukaji mbali wa zamani, aliyekuwa akiongoza shirikisho la riadha la Afrika tangu 1973. Mwaka 2001, Edmonton, Diack alichaguliwa rasmi, Mwafrika wa kwanza kwenye kiti hicho. Alikaa hadi 2015, na mwaka 2020 mahakama ya Paris ikamhukumu kwa rushwa iliyohusu kuficha matumizi ya dawa za kuongeza nguvu kwa wanariadha wa Urusi.

Huku kwetu Afrika Mashariki, wakimbiaji wenyewe walianza kuingia maofisini. Mwaka ule ule Nebiolo alipokufa, Kipchoge Keino alishika uongozi wa kamati ya Olimpiki ya Kenya. Haile, yule wa Mercedes, alichaguliwa rais wa riadha ya Ethiopia mwaka 2016. Aliondoka 2018 kabla ya muhula kwisha, katikati ya malalamiko ya wanariadha, na nafasi yake ikachukuliwa na Derartu Tulu, bingwa wa Olimpiki wa mita 10,000 wa mwaka 1992 na 2000.