Eduard Suess na Bahari Iliyotoweka

Eduard Suess alizaliwa London tarehe 20 Agosti 1831, mwana wa mfanyabiashara wa sufu. Mnamo 1834 familia yake ilihamia Prague, kisha Vienna, mji alioutumikia hadi kufa kwake. Mapinduzi ya 1848 yalipozuka alikuwa miongoni mwa vijana walioyaunga mkono, na miaka miwili baadaye alitiwa gerezani kwa muda. Hakuwahi kuhitimu shahada ya uzamifu. Hata hivyo, mnamo 1857 Chuo Kikuu cha Vienna kilimteua kuwa profesa wa paleontolojia, jambo ambalo sisi tunaohangaika na tasnifu tunaweza kulionea wivu.

Kilichompa nafasi hiyo ni visukuku. Tangu 1852 alikuwa msaidizi katika hazina ya madini ya mfalme, akiainisha brakiopodi, wanyama wa baharini wenye magamba mawili wanaofanana kwa mbali na chaza. Baadaye alivutiwa pia na amonaiti, jamaa wa kale wa ngisi na pweza, ambao magamba yao yalijikunja kama pembe za kondoo dume. Viumbe hawa hawakuweza kuvuka nchi kavu. Kwa hiyo, aina moja ikipatikana katika mawe ya umri mmoja mahali pawili palipo mbali, yafaa kuuliza ni maji gani yaliyopaunganisha. Na iwapo sehemu mbili jirani zina wanyama tofauti kabisa, huenda palikuwa na kizuizi baina yao.

Melchior Neumayr, mkwewe Suess, aliufuata mkondo huo wa fikira. Mnamo 1885 alieleza, kwa ushahidi wa visukuku vya kipindi cha Jura, kwamba palikuwa na bahari iliyokata katikati ya dunia kutoka Amerika ya Kati hadi India. Neumayr alifariki mapema, mwaka 1890. Miaka miwili baadaye Carl Diener alifunga safari hadi Himalaya, na amonaiti wa kipindi cha Triasi waliopatikana huko walikuwa na udugu wa karibu na wale wa milima ya Alpi. Vilele ambavyo leo vimefunikwa na theluji vilikuwa sakafu ya bahari moja.

Suess aliipa bahari hiyo jina mnamo 1893: Tethys, dada na mke wa Okeano katika visasili vya Kigiriki. Alishikilia kwamba mashapo yake ndiyo yaliyokunjwa yakawa milima kuanzia Alpi hadi Himalaya, na kwamba Mediterania ni salio lake. Kwa maoni yangu, jina hili halikuwa pambo. Liliyakusanya magamba ya nchi nyingi yakawa ushahidi wa hoja moja. Hata istilahi za biosfea (1875) na Gondwanaland (1885) alizibuni yeye.

Kwetu Afrika Mashariki hakuwahi kufika. Lakini mnamo 1891, akitumia taarifa za msafara wa Teleki na von Höhnel wa 1887–1888, alieleza kwamba Bonde la Ufa ni sehemu ya mpasuko mrefu wa ardhi unaoendelea hadi Bahari ya Shamu na bonde la Yordani. Wakazi wa Vienna, kwa upande wao, walimkumbuka zaidi kwa bomba lililoanza kuwaletea maji safi ya milimani mwaka 1873.

Kuhusu chanzo cha milima na bahari alikosea. Aliamini kwamba dunia hupoa na kunywea, ganda lake likikunjamana kama la embe linalokauka, na kwamba nchi kubwa zilizama baharini. Mnamo 1912 Alfred Wegener alitoa hoja kwamba mabara yenyewe husogea. Sasa yafahamika kuwa sakafu ya Tethys ilimezwa chini ya Asia India ilipokuwa ikisukumwa kaskazini. Suess alifariki Vienna tarehe 26 Aprili 1914, miongo kadhaa kabla ya wanajiolojia wengi kukubali hoja hiyo. Maelezo yake kuhusu kunywea kwa dunia yaliachwa, ila Tethys imebaki katika ramani za dunia ya kale.