Hemingway: ajali mbili za Uganda na kumbukumbu zilizopotea

Vijana wa bodaboda wa hapa Madale wakija kliniki baada ya ajali, wengi hunieleza kwamba kichwa kiligonga chini lakini waliinuka wenyewe, kwa hiyo hakuna tatizo. Ningependa wamjue Ernest Hemingway.

Mwandishi huyu Mmarekani, aliyezaliwa 1899, anatuhusu kidogo. Alikuja Tanganyika kuwinda mwishoni mwa 1933, akaugua kuhara damu hadi akakimbizwa Nairobi kwa ndege, na 1936 akachapisha hadithi yake ya theluji ya Kilimanjaro. Kichwa chake kilikuwa kimeumia zaidi ya mara moja: Paris 1928 aliangukiwa na dirisha la dari, London 1944 alipata ajali ya gari.

Januari 23, 1954, ndege ndogo aliyopanda na mkewe Mary iligonga waya wa zamani wa simu karibu na maporomoko ya Murchison, Uganda, ikaanguka. Walilala porini. Kesho yake boti iliwafikisha Butiaba, Ziwa Albert, wakapanda ndege nyingine, nayo ikashika moto ikijaribu kuruka. Mlango ulikwama. Hemingway aliupiga kwa kichwa mpaka ukafunguka. Magazeti yalishatangaza kifo chake, na alizisoma tanzia zake mwenyewe.

Fuvu lilipasuka, maji ya ubongo yakavuja. (Ukiona maji meupe yanatoka puani au sikioni baada ya kugonga kichwa, au mgonjwa anatapika na kusinzia ovyo, usisubiri asubuhi.) Ini na figo navyo viliumia. Hakupumzika. Wiki chache baadaye, akiwa Shimoni, pwani ya Kenya, alikwenda kusaidia kuzima moto wa nyika, akaanguka humo na kuungua.

Ubongo ni laini, unaelea ndani ya fuvu gumu. Kichwa kikigonga, unatikisika na nyuzi zake huvutika, nyingine hukatika. Sehemu za mbele na za pembeni, usawa wa masikio, huumia zaidi, na ndizo zinazotunza kumbukumbu za maisha ya mtu. Ndiyo maana majeruhi anaweza kuendesha baiskeli vizuri asikumbuke harusi yake. Pigo la pili kabla la kwanza halijapona huharibu zaidi.

Oktoba 1954 alitunukiwa Nobel, lakini afya haikumruhusu kwenda Stockholm. Mwishoni mwa 1960 alilazwa hospitali ya Mayo, Marekani, akiwa na sonona kali, akapewa tiba ya mshtuko wa umeme. Tiba hiyo ipo hadi leo, mgonjwa hulazwa usingizi kwanza, na imewasaidia wengi, ila inaweza kufuta kumbukumbu, hasa za kipindi kinachozunguka matibabu. Yeye alilalamika kwamba imemnyang'anya mtaji wake wa uandishi. Madaktari bado wanabishana kama ni umeme, vipigo vya kichwa au pombe nyingi. Mimi sioni namna ya kuvitenganisha.

Februari 1961 aliombwa sentensi chache tu za kumpongeza Rais Kennedy. Alikaa mezani saa nyingi, hazikuja. Julai 2 alijiua, siku 19 kabla ya kutimiza miaka 62.